Simu ya mdai: mambo ya kufahamu kabla ya kuahidi, kulipa au kukubali mpatano

Kila ifikapo Desemba 1, uvuvi husimamishwa katika ziwa Mweru hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi hiyo mitatu mifuko hukauka: ya mvuvi, ya mama anayekausha chisense, ya mbeba mizigo wa Kashikishi na ya mwenye duka anayewategemea wote hao. Mikopo, hata hivyo, haina msimu wa kufungwa. Tarehe ya marejesho hufika ziwa likiwa limefungwa, na simu huanza kuita.

Anayepiga huwa na haraka. Hutaja kiasi kikubwa kuliko kile mdaiwa anachokikumbuka, hutaja polisi, kisha hutoa nafuu: "Lipa nusu kabla ya saa kumi leo, tuyamalize." Mtu aliyeshikwa na hofu huuza nyavu zake kwa bei ya kutupa ili apate fedha hizo, na baada ya miezi miwili simu huita tena kwa deni lile lile.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupokea simu ya namna hiyo na jinsi ya kupima mpatano unaopendekezwa. Yameandikwa kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili wa wilaya ya Nchelenge, wakiwamo wanaoishi katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ambao mara nyingi hudaiwa kwa lugha wasiyoisoma vizuri. Kanuni kuu ni moja: usilipe wala usiahidi kitu katika simu ya kwanza. Taka maandishi.

Anayepiga simu ni nani?

Wanaodai kwa simu ni wa aina nne, na kila mmoja ana haki zake.

Wa kwanza ni mkopeshaji mwenyewe: benki, taasisi ya mikopo midogo au kampuni inayokopesha kupitia simu. Benki na taasisi za fedha za Zambia hupewa leseni na kusimamiwa na Benki Kuu, yaani Benki ya Zambia, chini ya Sheria ya Benki na Huduma za Fedha ya mwaka 2017.

Wa pili ni wakala au ofisi ya mawakili iliyopewa kazi ya kukusanya madeni kwa niaba ya mkopeshaji. Huyu hana haki zaidi ya zile alizo nazo aliyemtuma. Anapaswa kuonyesha kwamba ametumwa kweli, na njia nyepesi ya kuhakikisha ni kumuuliza mkopeshaji wa awali kupitia ofisi yake au nambari iliyo kwenye mkataba wako, si kupitia nambari iliyokupigia.

Wa tatu ni mkopeshaji wa mtaani, ambaye nchini Zambia biashara yake huitwa kaloba. Walioishi Tanzania wanaijua mikopo ya namna hii kwa jina la kausha damu, na waliotoka Kongo huiita Banque Lambert. Majina ni tofauti lakini utaratibu ni mmoja: fedha hutoka upesi, riba huhesabiwa kwa mwezi au hata kwa wiki, na dhamana huwa ni kitambulisho, kadi ya benki pamoja na nambari yake ya siri, simu au injini ya mtumbwi. Sheria ya Zambia inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha fedha awe na leseni. Asiye nayo anaweza kukutisha, lakini akienda mahakamani atalazimika kwanza kuieleza biashara yake mwenyewe.

Wa nne ni tapeli. Amepata jina na nambari yako mahali fulani, na anajua kwamba katika msimu huu watu wengi wana madeni. Hana mkataba, hivyo ukimtaka auandike au autume, hukata simu.

Je, mtu anaweza kufungwa kwa sababu ya deni?

Hili ndilo swali linalowatia watu hofu kuliko yote. Jibu ni kwamba kushindwa kulipa mkopo, peke yake, si kosa la jinai. Deni ni shauri la madai baina ya watu wawili, na mahali pake ni mahakamani. Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Zambia ilijiunga na mkataba huo mwaka 1984. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Kenya nazo zimo.

Hata hivyo kuna mambo yanayoweza kuligeuza deni kuwa jinai, nayo yasichukuliwe kwa wepesi. Kukopa kwa kutumia jina au nyaraka za uongo ni udanganyifu. Kutoa hundi huku ukijua kwamba akaunti haina fedha ni kosa. Na mtu aliyeamriwa na mahakama kulipa, akawa na uwezo lakini akakaidi, anaweza kujikuta matatani kwa ukaidi huo. Kwa hiyo wito wa mahakama usipuuzwe hata siku moja. Asiyefika mahakamani huhukumiwa bila kusikilizwa.

Kwa mkimbizi, tishio huwa na sura nyingine: "Tutakurudisha Kongo." Mkopeshaji hana mamlaka hayo. Hadhi ya mkimbizi nchini Zambia inalindwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2017 na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, na deni la mtu binafsi si sababu ya kumrudisha mtu kule alikokimbia hatari. Anayetoa tishio hilo aripotiwe kwa uongozi wa makazi.

Nini cha kusema kwenye simu

Kuzima simu au kubadilisha nambari hakufuti deni. Riba huendelea kupanda, na siku ya mahakama mkopeshaji ataonyesha kwamba alikutafuta akakukosa. Vilevile kugombana naye hakusaidii. Pokea simu kwa utulivu na uulize mambo matano: jina lake kamili, kampuni anayoifanyia kazi, nani aliyekukopesha awali, tarehe ya mkopo, na hesabu ya deni. Kisha sema kwa heshima:

"Nimekusikia, ndugu yangu. Sitajadili fedha kwenye simu. Niletee barua au ujumbe wenye mkataba na hesabu yote, nami nitakujibu."

Baada ya hapo kata simu, uandike katika daftari tarehe, saa, nambari iliyopiga na maneno yaliyosemwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na deni nalo ni hivyo hivyo. Ukiwa na daftari lenye simu kumi na mbili za wiki moja, pamoja na matusi yaliyotamkwa na saa yalipotamkwa, malalamiko yako yatasikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko ukisema tu kwamba wamenisumbua.

Kuna mambo matatu ya kuepuka. Usitaje nambari ya siri ya akaunti yako ya fedha za simu, kwa sababu yoyote ile. Usimtajie mpigaji mahali unapohifadhi mtumbwi, injini au nyavu. Na usitume fedha kidogo "kuonyesha nia njema" kabla ya kujua deni ni lipi, maana kiasi hicho kidogo kinaweza kuwa na madhara makubwa, kama tutakavyoona hapa chini.

Hesabu ya deni isomwe mstari kwa mstari

Hesabu inayofaa hutenganisha mambo manne: fedha ulizopokea, riba, faini za kuchelewa na gharama nyingine, kisha fedha ulizokwisha kulipa. Ukipewa jumla tu, hujapewa hesabu.

Tuchukue mfano. Mtu amekopa kwacha 2,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na miezi mitatu ya ziwa kufungwa imepita bila yeye kulipa. Ikiwa riba inahesabiwa kwa fedha alizokopa tu, kila mwezi ni kwacha 600, na deni lote ni kwacha 3,800. Ikiwa riba inatozwa juu ya riba, deni ni kwacha 4,394. Tofauti ni kwacha 594, na kinachoamua ipi ni sahihi ni mkataba aliotia saini. Akidaiwa kwacha 5,500, ana haki ya kuuliza kiasi kilichozidi kimetoka wapi.

Uliza pia malipo yako yamepangwa vipi. Wakopeshaji wengi huanza kukata faini na riba, na fedha za asili hubaki pale pale. Ndiyo maana mtu anaweza kulipa mwaka mzima na bado akadaiwa kile kile alichokopa. Hapo ndipo msemo wa kukopa harusi, kulipa matanga unapopata maana yake yote.

Deni la miaka mingi

Sheria ya ukomo wa muda inayotumika Zambia ni ile ya Uingereza ya mwaka 1939. Kwa kawaida, deni la mkataba haliwezi kudaiwa mahakamani baada ya miaka 6 kupita tangu siku lilipopaswa kulipwa. Deni halifutiki katika dhamiri ya mtu, lakini mdaiwa akiutaja ukomo huo mbele ya mahakama, mdai hapati amri.

Hata hivyo, sheria hiyo inasema pia kwamba mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye saini yake kabla ya muda kwisha, miaka hiyo 6 huanza kuhesabiwa upya. Hii ndiyo sababu ya baadhi ya wakusanyaji wa madeni ya zamani kung'ang'ania "hata kwacha 50 tu". Kiasi hicho hakipunguzi deni, lakini kinaweza kulipa uhai mpya. Kabla ya kulipa chochote katika deni la zamani, tafuta tarehe ya malipo yako ya mwisho na upate ushauri wa kisheria.

Mpatano wa kulipa pungufu

Si kila anayetoa nafuu ni mwongo. Mkopeshaji anayejua kwamba mdaiwa hana kitu anaweza kuona heri nusu shari kuliko shari kamili, akakubali kwacha 4,000 badala ya 6,000. Mpatano wa namna hiyo unaweza kuwafaa wote wawili, ila una shimo ambalo wengi hawalioni.

Sheria ya Zambia imerithi kanuni nyingi za mahakama za Uingereza. Mojawapo ilitamkwa katika kesi ya Pinnel ya mwaka 1602 na ikathibitishwa mwaka 1884 katika kesi ya Foakes na Beer: mdai akipokea kiasi pungufu cha deni ambalo muda wake umekwisha kufika, ahadi yake kwamba ameusamehe uliobaki haimfungi kwa ahadi hiyo peke yake. Ili imfunge, ni lazima apewe kitu kipya mbali na fedha hizo pungufu. Majaji wa mwaka 1602 walitaja farasi, mwewe au joho. Kwa mvuvi wa leo, kitu kipya kinaweza kuwa kulipa kabla ya tarehe kwa ombi la mdai, au kuongeza kitu ambacho hakikuwamo katika mkataba. Njia nyingine ni kuiandika ahadi katika hati rasmi ya kisheria iliyotiwa saini mbele ya shahidi. Mahakama inaweza pia kumzuia mdai asirudi nyuma pale mdaiwa alipoitegemea ahadi yake, lakini hilo huhitaji ushahidi. Maneno matamu ya kwenye simu hayatoshi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa kwacha ya kwanza ya mpatano, hakikisha umepata maandishi yanayosema yafuatayo:

Kwanza, majina ya pande zote mbili, nambari ya mkataba na tarehe ya mkopo.

Pili, jumla ya deni siku hiyo, na kiasi kilichokubaliwa.

Tatu, kwamba kiasi hicho kikilipwa deni lote limekwisha, riba na faini zikiwamo, na kwamba hakuna mtu mwingine atakayeuziwa au kukabidhiwa deni hilo.

Nne, tarehe za malipo, na litakalotokea ukichelewa awamu moja. Mipatano mingine husema kwamba ukikosa siku moja tu, deni zima hurudi. Omba siku kadhaa za nafasi, na kama kipato chako ni cha ziwani, usikubali awamu kubwa kati ya Desemba na Februari.

Tano, akaunti ya kupokelea fedha. Iwe ya kampuni, kwa jina la kampuni. Ukituma kwa simu na jina linalojitokeza likawa la mtu binafsi, simamisha malipo.

Sita, kwamba dhamana yako itarudishwa, na kwamba mkopeshaji atairekebisha taarifa yako katika ofisi ya kumbukumbu za mikopo.

Ikiwa maandishi ni ya Kiingereza na huyaelewi, usitie saini siku hiyo. Mpatano mwema leo utakuwa mwema hata kesho kutwa, baada ya mtu unayemwamini kukusomea. Na usiahidi kiasi usichokimudu kwa sababu ya aibu, kwani ahadi iliyovunjwa humpa mdai nguvu mpya.

Nani anaweza kuchukua mali yako?

Mkusanyaji wa madeni hana ruhusa ya kuingia nyumbani na kubeba vitu. Kwa deni lisilo na dhamana, mali hukamatwa baada ya hukumu ya mahakama, na mwenye kazi hiyo ni ofisa wa mahakama, ambaye wengi humwita bailifu, akiwa na hati yenye muhuri. Taka kuiona hati hiyo, soma jina na kiasi, na omba orodha ya kila kinachochukuliwa.

Hali ni tofauti ikiwa uliweka injini, mtumbwi au jokofu kuwa rehani kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Dhamana za Mali Zinazohamishika ya mwaka 2016, mkopeshaji anaweza kuiandikisha rehani hiyo katika daftari linalosimamiwa na PACRA, wakala wa usajili wa kampuni, na haki yake juu ya kitu hicho ni kubwa zaidi. Hapo usimpinge kwa nguvu wala usikiuze kitu hicho kwa siri. Soma masharti, na kama hukubaliani na hesabu, fika kwa mshauri wa sheria kabla hakijauzwa.

Ndugu, mjane na mdhamini

Wakusanyaji hupenda kuwapigia mke, kaka au jirani. Undugu peke yake haumfanyi mtu kuwa mdaiwa. Anayedaiwa ni aliyetia saini, ama kama mkopaji au kama mdhamini. Katika mikopo ya vikundi, wanakikundi mara nyingi hudhaminiana bila kutambua uzito wa jambo hilo, hivyo usome upya ulichotia saini.

Mtu akifariki, iwe kwa maradhi au kwa dhoruba ya ziwani, madeni yake hulipwa kutokana na mali aliyoiacha, kupitia msimamizi wa mirathi. Mjane asiyewahi kutia saini hapaswi kuahidi kulipa kutoka mfukoni mwake wakati bado yumo matangani. Ajibu tu kwamba madai yapelekwe kwa msimamizi wa mirathi, kwa maandishi.

Aibu si njia halali ya kudai

Baadhi ya programu za mikopo za simu huchukua orodha ya watu unaowasiliana nao, kisha huwatumia ujumbe wa kukuchafulia jina. Nchini Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Septemba 2023, kamishna wa ulinzi wa data wa nchi hiyo aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kosa la namna hiyo. Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni mnamo Novemba 2024. Zambia nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2021, ambayo inamzuia mtu kutumia taarifa zako kwa jambo ambalo hakuruhusiwa.

Wapi pa kulalamika

Anza na mkopeshaji mwenyewe, kwa barua au ujumbe wa maandishi, ukibaki na nakala. Asipojibu, na ikiwa ana leseni ya kifedha, peleka malalamiko Benki ya Zambia. Kwa udanganyifu katika masharti au matangazo ya mkopo, nenda kwenye Tume ya Ushindani na Ulinzi wa Walaji. Kwa vitisho, kupigwa, au mtu anayejifanya polisi, nenda kituo cha polisi ukiwa na daftari lako. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada wa Bodi ya Msaada wa Sheria. Wazee wa kijiji na viongozi wa makazi wanaweza kusuluhisha, lakini waombe nao waandike walichokiamua.

Baada ya kulipa

Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna lolote katika makala haya linalomwondolea mtu wajibu wa kurudisha alichokopa. Lakini dawa hunywewa kwa kipimo, na hutolewa na anayejulikana. Ukimaliza, taka barua inayosema kwamba deni limekwisha, rudishiwa kitambulisho na dhamana, kisha uhifadhi barua hiyo pamoja na risiti zote katika mfuko usiopenya maji kwa miaka isiyopungua 6. Ziwa likifunguliwa tena Machi 1 na simu ikaita kwa deni lile lile, utakuwa na karatasi ya kumsomea.